Fulana ya merino: kuichagua Gikomba, kuivaa Lenana, kuifua nyumbani

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Umoja. Desemba, shule zikifungwa, mimi na walimu wenzangu sita tutapanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Kiongozi wetu ametukataza kuvaa pamba na ametuambia tutafute fulana za ndani za sufu ya merino. Dukani niliona moja ya shilingi 11,500, nikairudisha. Kwenye soko la mitumba la Gikomba nimepata nyingine ya shilingi 700 iliyoandikwa merino, lakini sina hakika nayo. Tena niliwahi kutumiwa moja na kaka yangu aliye Kanada. Ilifuliwa mara moja tu, ikawa ya kumtosha mwanangu wa miaka minane. Nitaitambuaje ya kweli, nichukue ya uzito gani, na niifueje isije ikaniharibikia tena?

Jibu: Mwalimu, tuanze na ile fulana ya Kanada, maana ukielewa kilichoipata, mengine yote yatakunyookea.

Sufu ni nywele. Imejengwa kwa keratini, protini ileile iliyo katika nywele za kichwa chako na kucha zako. Unywele wa kondoo ukiutazama kwa hadubini utaona magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ukiulowesha kwa maji ya moto, magamba yale huinuka. Ukianza kuusugua, unywele mmoja hupenya katikati ya wenzake, na magamba huukamata usirudi ulikotoka. Kila unaposugua unazidi kuingia ndani, hadi kitambaa kizima kinajikunja kikawa kinene, kigumu na kifupi. Ukiwahi kukaa saluni ukamwona msusi akianzisha rasta kwa kuzungusha nywele viganjani, basi umeliona jambo hilo kwa macho yako. Ndilo lililotokea ndani ya beseni lako: maji ya moto, sabuni kali na mikono yenye bidii.

Kwa hiyo kabla hujaifanyia fulana ya sufu jambo lolote, jiulize kama ungelifanya kwenye nywele za mwanao. Ungezimwagia Jik? Ungezisugua kwa brashi? Ungezikamua kama tambara la deki? Nimeshona na kutengeneza nguo za baridi hapa Nairobi kwa miaka kumi na minane, na karibu kila merino iliyoletwa mezani kwangu ikiwa imekwisha ilimalizwa na kufuliwa. Zilizomalizwa na kuvaliwa ni chache mno.

Sasa, kwa nini merino na si sufu nyingine? Tofauti iko katika unene wa unywele. Unene huo hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu mara nyingi huwa na mikroni 50 hadi 100. Merino inayoshonewa fulana za ndani huwa na 17 hadi 19 na nusu hivi. Unywele ukifika mikroni 30 unakuwa mgumu kiasi kwamba ncha yake haipindi inapogusa ngozi. Inakuchoma, nawe unasema sufu inawasha. Watu wengi wanaoniambia wana mzio wa sufu hawana mzio wowote, ila walivishwa sufu nene wakiwa wadogo na ngozi zao hazijasahau. Ukitaka kujua kama fulana itakuwasha, usiishike kwa kiganja tu, kwa sababu ngozi ya kiganja ni sugu. Ibane shingoni, chini ya taya, dakika mbili tatu. Shingo itakwambia.

Huenda ukajiuliza mbona tusinunue sufu ya kwetu. Nami ningependa sana iwe hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alileta merino Njoro kutoka New Zealand, na wengi wao wakafa, kwani malisho ya pale yalipungukiwa na madini. Kondoo wa sufu waliokuja kuzoeleka katika nyanda zetu za baridi, kama Nyandarua na Molo, ni wa aina kama Corriedale, ambaye sufu yake ina mikroni 25 hadi 31 hivi. Hiyo ni sufu nzuri ya sweta, kofia na blanketi, lakini si ya kulala kifuani siku nne mfululizo. Mtapita Nanyuki mkielekea lango la Sirimon. Pale kuna kina mama wanaosokota na kufuma sufu ya kondoo wa Kenya, na kofia yao mkononi mwako itakuwa na thamani kuliko ya nailoni ya dukani. Kwa fulana ya kugusa ngozi, tafuta merino ya nje. Nyingi hutoka Australia, nyingine New Zealand na Afrika Kusini.

Kiongozi wenu amewakataza pamba kwa haki kabisa, na ni vizuri mjue sababu ili msije mkaikaidi mlimani. Usiku wa kwenda kileleni mtaamshwa kambi ya Shipton's, kwenye mita 4,200 hivi, saa nane au saa tisa usiku. Mtapanda changarawe inayoteleza kwa saa kadhaa hadi Point Lenana, mita 4,985. Mkipanda mtatoka jasho, hata kama pumzi mnayotoa inageuka ukungu. Kisha mtafika na kusimama kungojea jua lichomoze, na upepo wa pale hauna simile. Balaa iko hapo kwenye kusimama. Pamba itakuwa imelinywa jasho lote na kulishikilia juu ya ngozi, na maji hupitisha joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Nimewaona vijana wenye nguvu, waliotangulia wote njiani, wakitetemeka pale juu hadi hawawezi kufunga zipu ya koti kwa sababu ya fulana moja ya pamba waliyoiona haina neno.

Sufu hufanya kazi kwa namna nyingine. Gamba la nje la unywele hukataa matone ya maji, ila moyo wake hupokea mvuke. Jasho lako likiwa bado mvuke huingia ndani ya unywele wenyewe, na sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Tena inapoupokea unyevu huo hutoa joto kidogo. Si joto la jiko, lakini alfajiri kwenye baridi chini ya sifuri, hicho kidogo utakijua. Faida ya tatu utaithamini ndani ya hema: sufu huzifunga zile kemikali zinazoleta harufu ya jasho, hivyo unaweza kuivaa siku tatu bila kumkera jirani yako wa kulala.

Hapa lazima niwe mkweli kwako, ingawa sufu naipenda. Merino inakauka polepole kuliko poliesta nyembamba. Na kama huu ni mlima wako wa kwanza na pengine wa mwisho, si lazima uwe na merino ili ufike Lenana salama. Jezi ya poliesta ya mikono mirefu, ile nyepesi inayobana ambayo wachezaji huivaa ndani ya jezi ya timu, ikiwa kavu na ikifuatiwa na sweta ya flisi na koti la kuzuia upepo na mvua, itakupandisha na kukushusha. Itanuka kufikia siku ya pili, basi. Sitaki mwalimu yeyote achukue mkopo wa chama kwa ajili ya fulana. Lakini kama utaivaa pia asubuhi za Julai ukiwa kwenye bodaboda kwenda kazini, na kwenye Mlima Longonot, na safari nyingine, basi merino moja nzuri itakutumikia miaka mingi, na ile ya Gikomba inastahili kuchunguzwa.

Uzito wa kitambaa huandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Utakutana na 150, 200 na 250 au karibu na hapo. Kwa safari yako mimi ningechukua 200 ya mikono mirefu, na kama ina zipu fupi shingoni, afadhali zaidi: ukipanda unaifungua, ukisimama unaifunga. Ya 150 ndiyo inayofaa Nairobi, maana inavalika ndani ya shati la kazi hata jua likitoka saa tano. Ya 250 waachie wanaokaa wametulia kwenye baridi. Anayepanda kwa miguu ataloa ndani yake. Mitumba mingi haina namba hiyo popote, kwa hiyo tumia macho: inua kitambaa kuelekea mwanga. Ukiona umbo la vidole vyako waziwazi, ni karibu na 150. Ukiona kivuli tu, ni 200 au zaidi.

Turudi kwenye hiyo ya shilingi 700. Kwanza, soma lebo ya pembeni ndani, ile ndogo ya kufulia. Ya shingoni ni tangazo. Neno merino linaweza kuwa kubwa shingoni, halafu pembeni ukasoma akriliki asilimia 70. Mitumba yetu hutoka nchi nyingi, kwa hiyo sufu inaweza kuandikwa kwa lugha usiyoitarajia: Wajerumani huandika Wolle, au Schurwolle kwa sufu mpya isiyorejelezwa. Wafaransa huandika laine, Waitaliano na Wahispania lana, Waswidi na Wanorwe ull. Ukiona nailoni asilimia 10 hadi 15 usiikatae. Viwanda vingi huiweka makusudi katikati ya uzi ili fulana nyembamba isitoboke upesi, na kwa mtu wa kubeba begi mgongoni mimi huipendelea hiyo kuliko sufu tupu. Elastani asilimia chache pia si tatizo. Sufu ikishuka chini ya nusu, ihesabu kama poliesta na uilipe bei ya poliesta.

Kama lebo imekatwa, na nyingi hukatwa, tumia moto. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa chenyewe, kwenye pindo la ndani. Usichukue uzi wa mshono, kwa sababu huo karibu kila mara ni poliesta hata kwenye sufu safi, na umewadanganya watu wengi. Ushike kwa kibano juu ya sahani, uuguse kwa kiberiti. Sufu huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, ukiuondoa moto huzima yenyewe, na jivu lake jeusi husagika vidoleni. Poliesta na akriliki huyeyuka, na hubakiza tone gumu lisilovunjika. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Una bahati ya kuwa na sufu ya kweli nyumbani: chomoa uzi wa ile fulana iliyosinyaa, uuchome kando ya huu mpya, ulinganishe harufu.

Kuna jaribio la pili ambalo mimi huwaonyesha wateja ili waone kwa macho. Weka nyuzi mbili tatu kwenye kijiko cha Jik isiyochanganywa na maji, uiache kwa saa kadhaa. Sufu itayeyuka isibaki kitu. Pamba na poliesta zitabaki. Ukishaona hivyo hutahitaji kukumbushwa tena kwamba Jik na sufu havikutani, hata kwa doa dogo kwenye kola.

Basi tuseme ni merino ya kweli. Swali linalofuata ni gumu zaidi: kwa nini mwenyewe aliitoa? Zipo zilizotolewa kwa sababu mtu alinenepa au alichoka na rangi. Lakini nyingi zinazofika Gikomba zimetolewa kwa sababu zimesinyaa, kama yako. Lebo inasema L, fulana ina upana wa S na mikono imefika nusu ya kigasha. Ivute kwa vidole vya mikono miwili. Kitambaa kizima hunyooka na kurudi polepole, na ukikitazama kwa karibu unaona vitanzi vya ufumaji vimepangana safi. Kilichosinyaa hakinyooki, na vitanzi vimefunikwa na ukungu wa manyoya. Usiichukue hata kwa shilingi 200. Halafu inua sehemu nne kuelekea jua: mabega pale mkanda wa begi hukaa, makwapa, viwiko, na tumbo pale bizimu ya mshipi wa begi husugua. Kitambaa kikionekana cheupe kama wavu, kitatoboka kwenye kambi ya kwanza, Old Moses, kabla hujaona kilele. Matundu madogo yaliyotawanyika ovyo, hasa yakiwa na utando mweupe karibu yake, ni kazi ya nondo, na usiiweke nguo hiyo pamoja na nyingine kabla ya kuisafisha. Enda mapema siku ambayo muuzaji wako anafungua robota. Merino ikiwa ya kamera, yaani ya daraja la kwanza, haingoji mchana.

Iwe inakubana mwili bila kukunyima pumzi, kwa sababu sufu isiyogusa ngozi haiwezi kupokea jasho. Iwe ndefu nyuma, ifunike kiuno ukiinama. Mshono wa begani usiwe juu kabisa ya bega. Na jambo ambalo viongozi wengi wa kiume hawalisemi: sidiria ya pamba chini ya merino inaharibu kazi yote. Inaloa, inakaa mbichi kifuani, na ubaridi wake huingia ndani kabisa. Wanawake kati yenu tafuteni za michezo, za poliesta au sufu. Nimekutana na dada aliyetumia fedha nyingi kwa kila tabaka la nguo zake na bado akagandia kifuani kwa ajili ya hiyo moja.

Sasa kufua, ambako ndiko roho ya fulana iliko. Merino nyingi za siku hizi zimetiwa dawa kiwandani: magamba hulainishwa kwa klorini, kisha unywele hufunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki ili zisisinyae haraka. Hizo lebo yake ina alama ya beseni lenye namba 30, na zinaweza kuingia mashine kwenye mzunguko wa sufu. Beseni lenye mkono ndani yake ni la kufua kwa mkono tu. Beseni lililopigwa alama ya X maana yake isiguse maji kabisa. Huwezi kujua ya mtumba imefuliwa mara ngapi na utando ule umebaki kiasi gani, kwa hiyo nakushauri ufue kwa mkono, hata kama lebo inaruhusu mashine.

Chukua beseni la maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 30 hivi. Chovya kiwiko kama unavyopima maji ya kuogesha mtoto mchanga, kisha yapoze kidogo zaidi. Tia kijiko kimoja cha shampuu ya kawaida, ya mtoto ikiwezekana, ukoroge kabla ya kuingiza nguo. Watu hunishangaa nikisema shampuu, lakini ni nywele hizi! Sabuni ya kipande ina magadi makali yanayofungua magamba na kuikausha sufu. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vilivyowekwa kula madoa ya protini kama damu na maziwa, na vimeng'enya hivyo havitofautishi doa na fulana. Utaona kitambaa kinazidi kuwa chepesi kila mwezi bila kujua kwa nini. Kilainishi cha nguo pia kiweke kando, maana huacha mafuta juu ya unywele na kuuzuia kupokea mvuke.

Igeuze ndani nje, uizamishe, uibonyezebonyeze kwa viganja kwa dakika tatu hivi, kisha uiache dakika kumi. Usiisugue kitambaa kwa kitambaa. Kwapa likiwa na doa, weka tone la shampuu uligonge kwa vidole. Suuza mara mbili kwa maji ya joto lilelile, kwa sababu kuitoa kwenye vuguvugu na kuitupa kwenye maji baridi ya bomba ya Julai ni mshtuko mwingine. Kwenye suuza ya mwisho mimi huongeza kijiko cha siki ili kuondoa mabaki ya sabuni. Harufu yake huisha fulana ikikauka.

Mnapoinua, inueni kwa mikono yote miwili kutoka chini, kwa maana sufu iliyolowa ni nzito na dhaifu, na ukiishika mabegani itarefuka kama kanzu. Ibonyeze, usiikamue. Itandaze juu ya taulo kavu, ukunje taulo pamoja nayo kama unavyokunja chapati ya mayai, ukandamize kwa magoti. Taulo litanywa maji mengi. Kisha itandaze juu ya mkeka au taulo jingine kavu kivulini, uivute kwa upole irudi umbo lake. Usiianike kwenye kamba na vibanio, wala juani. Jua letu la Nairobi, tukiwa karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kali kuliko linavyohisiwa, na miale yake hugeuza sufu nyeupe kuwa ya manjano na kuudhoofisha unywele. Mahali penye upepo itakauka kufikia jioni. Na kama nyumbani kuna mtu anayekusaidia kufua, usimwachie fulana hii kwenye lundo. Mwonyeshe mara moja, kwa mkono wako, au iweke kando uifue mwenyewe. Aliyeifua ile ya kwanza hakukosea kwa uzembe. Aliitendea vile unavyotendea nguo ili itakate.

Halafu usiifue mara nyingi. Ukiivaa siku moja mjini, ianike usiku mmoja dirishani na kesho uivae. Mimi hufua yangu baada ya kuvaa mara tano au sita, au mapema zaidi jasho likiwa limekauka na kuacha chumvi.

Mlimani beba mbili. Moja ni ya kutembea, nyingine ni ya kulala na haitoki ndani ya begi la kulalia hata iweje. Mkifika kambini, vua ya kutembea mara moja, kabla ya chai na kabla ya picha, uvae kavu. Ile yenye unyevu iweke kati ya fulana kavu na sweta yako ukiwa unakula, joto la mwili litaikausha. Usiianike kwenye kamba ya hema Shipton's usiku, maana asubuhi utaikuta imekuwa ubao. Na msikurupuke kuikausha kwa moto wa jiko la mpishi.

Ukirudi, ifue kabla ya kuihifadhi. Nondo mzima hali nguo. Viwavi vyake ndivyo vinavyokula, na hupenda zaidi penye jasho na matone ya mchuzi. Fulana safi na kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri itakaa salama. Ya mtumba unayoishuku, iweke kwanza kwenye friza ya kweli, yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Kisanduku cha barafu cha friji ndogo hakifiki huko. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini sivipendi kwenye nyumba yenye watoto: mtoto huviona kama peremende, na kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache kwa jamii za Pwani na za Ziwa Victoria, vinaweza kuvunja chembe za damu.

Tundu dogo ulishone siku uliyoliona, kwa uzi mwembamba, ukikamata vitanzi vilivyo wazi bila kuvuta kingo. Likingoja kufuliwa mara moja, litakuwa na upana wa shilingi ishirini. Vile vidonge vya manyoya vinavyoota mabegani usivivute kwa kucha, vikate kwa wembe ukiwa umeitandaza juu ya meza.

Kuhusu ile ya Kanada, sitakupa tumaini la uongo. Kama kitambaa kimenenepa na vitanzi havionekani tena, hakirudi. Kama kimefupika tu na bado kinavutika, kiloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye vijiko viwili vya kondishena ya nywele, usikamue, ukitandaze na ukinyooshe kidogokidogo kila baada ya dakika chache kinapokauka. Unaweza kupata sentimita mbili tatu za mikono. Zaidi ya hapo, mwachie mwanao. Sufu iliyosinyaa hivyo huzuia upepo kuliko ilivyokuwa mwanzo, na ndani ya sweta ya shule itamtosha Julai hii, na ijayo kama hatarefuka haraka. Yake pia ifuliwe kwa shampuu.